Mguu Wangu Begani kwa Mkwe

Mtu wa umri wangu kuweka mguu begani kwa mke wa mwanawe ni aibu, na mimi niliuweka.

Nyama za nyuma ya paja, toka kalioni mpaka gotini, zilikuwa zimekaza hata kuinama kuokota korosho siwezi, na msimu unakaribia. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali Masasi akatuonyesha, mimi na mkwe wangu. Mgonjwa alale chali, mguu mmoja ubaki chini. Mwingine msaidizi aupandishe polepole, goti lilegee kidogo. Ukianza kuvuta, mgonjwa aseme, na msaidizi aishie hapo hapo. Mgonjwa aheme taratibu, kisha mguu ushushwe.

"Usiurushe-rushe, wala usikandamize goti," alimwambia mkwe. Kisha akanigeukia. "Na wewe bibi, usiposema, huyu hawezi kujua."

Nikaitikia. Kuitikia si kazi.

Mkwe wangu ni mwalimu, mtu wa Mbeya. Alipokuja kwetu Newala mara ya kwanza na suruali, nilimsema mpaka akaivua akafunga kanga. Sasa alifunga mlango akanipa suruali hiyo hiyo nivae, maana mguu ukiinuliwa kanga haikai. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Nikalala mkekani. Kisigino changu kilichopasuka-pasuka kikakaa begani kwake.

"Unajisikiaje, mama?"

"Salama."

Akapandisha. "Na hapa?"

"Salama tu."

"Mama, hapa hatuamkiani. Inavuta au haivuti?"

"We pandisha."

Paja lilikuwa linawaka moto. Lakini mimi nilifundwa unyagoni nisiseme inauma, na nimewafunda wengine vivyo hivyo. Nikakaza meno. Akapandisha kidogo tena, nikasikia huko nyuma kama kitambaa kinachanika. Alipoona machozi aliushusha mguu taratibu.

Kesho yake jirani akanikuta nimekalia upande mmoja.

"Nani kakufanya hivi, dada?"

Mkwe alikuwa pale pale anachambua mboga. Mimi kimya.

"Ni mimi," akasema. "Nilipandisha kupita kiasi."

Jirani akacheka. "Walimu nyie. Mmezoea kuvuta watoto masikio, mkadhani paja la bibi nalo ni sikio."

Mkwe akatabasamu. Mimi nikatazama ukuta.

Maneno yakatembea. Kwenye foleni ya maji wakawa wanamwita mvunja bibi, na akirudi na ndoo yake hanitazami usoni. Hata hivyo paja lilipopoa, alitandika mkeka mwenyewe.

"Tuanze, mama?"

Safari hii mguu haujafika hata kimo cha kigoda, nikasema, "Inavuta."

Akaishia hapo. "Hema." Nikahema. Paja likalegea kidogo, kidogo tu, na mimi nikaona haya kwamba neno lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Alipokwenda bombani nikajikongoja nyuma yake. Wanawake walikuwepo, na jirani yangu yupo mbele.

"Mkwe wangu aliniuliza kama inavuta," nikawaambia, "nami nikamdanganya. Paja nimelichana mwenyewe."

Jirani akasogeza ndoo yake.

"Na siku ile nilipokuuliza ni nani, mbona hukusema?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama pale, ananitazama. Nami nikamtazama usoni.