Dawa ya Siku ya Kukimbia

Mafunzo yalifanyika Kashojwa, chini ya turubai, na mwalimu alikuwa dada mmoja kutoka Mbarara mwenye Kiswahili cha kuokota sokoni. Jambo la kwanza alilotuuliza ni kama kuna mtu aliyewahi kukimbia nyumba yake ghafla. Tulitazamana. Tulikuwa Wakongomani na Warundi watupu pale. Mama mmoja nyuma yangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na yule dada, maskini, akagundua alichouliza, akainamia karatasi zake.

Sikwenda kwa ajili ya elimu, nisiwadanganye. Nilikwenda kwa sababu kila atakayekaa mpaka mwisho angepewa mche wa sabuni. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka tangu mwaka tulioingia kambi ya Nakivale, hapa Uganda, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Halafu mtu anakuja kutufundisha sisi namna ya kukimbia! Tuliambiwa tufunge karatasi za familia ndani ya mfuko wa plastiki, tuuweke karibu na mlango pamoja na kiberiti, chumvi na nguo moja moja. Tuliambiwa chupa ya maji ikiachwa juani juu ya bati siku nzima, maji yale yanaweza kunywewa kama kuni zimekwisha. Alipofika kwenye kufunga blanketi juu ya miti miwili ili kumbeba mgonjwa, wazee walimnyang'anya blanketi wakamwonyesha wenyewe. Kwetu tunaita kipoyi. Hakuna mtu mzima pale ambaye hajabeba mutu mwenzake.

Ila aliuliza swali moja lililonigusa: nani ana mgonjwa wa dawa ya kila siku nyumbani? Nikainua mkono.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Anachomwa sindano asubuhi na jioni, na dawa yenyewe haipendi joto. Nyumba yetu ni ya udongo na bati. Saa saba mchana ungeweza kukaanga karanga humo bila moto. Yule dada akanieleza: tafuta vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga, mwagia mchanga maji kutwa mara mbili, funika kwa kitambaa kibichi. Dawa itakaa baridi ndani. Na msingoje chupa ya mwisho, alisema, kila mwezi mjitahidi muwe na ya ziada. Akiba haiozi. Ilionekana amefurahi kuwa na methali ya Kiswahili mkononi, nami kwa mara ya kwanza siku ile sikumkasirikia.

Vyungu nilivipata sokoni Rwekubo. Kile kikubwa kilikuwa na ufa mdomoni, ndiyo maana kiliuzwa rahisi. Mchanga niliuchota ziwani na kuubeba kichwani. Kituo cha afya kilimpa mama chupa moja kila mwezi, inapokuwepo. Isipokuwepo, nilipanda basi dogo mpaka Mbarara. Huko nilimshonea mfanyabiashara mmoja Mwislamu kanzu za watoto, na alichonipa nilikipitisha moja kwa moja duka la dawa kabla hakijapata joto mkononi. Ili kupata chupa moja ya ziada niliacha mafuta ya kupikia, kisha sukari ya chai, kisha chai yenyewe.

Chupa ya ziada ikawa mbili. Mwezi uliofuata nikafunua chungu nikaona tatu, na baadaye nne. Nilidhani mama amewabembeleza wauguzi. Anajua kubembeleza, akitaka kitu anakuita baba hata kama u mtoto wa jana. Sikuuliza. Nilijisifu. Yule dada alirudi na wageni wake kutazama, nikafunua kitambaa kama mwenye duka, wakapiga picha chungu chenye ufa na chupa nne mle ndani. Mama alikaa kwenye mkeka akitabasamu. Alikuwa amekonda. Alikuwa anakunywa maji mingi na kutoka kwenda chooni kila mara, na nilipomuuliza alisema ni jua hili la Nakivale, lingekausha hata ziwa. Nikakubali. Mtu aliyechoka hukubali upesi.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mama hamfunulii mtoto tumbo lake. Sindano ile huchomwa tumboni, na tangu kwetu Fizi, kule Kongo, mama alijichoma mwenyewe. Wakati ukifika aliniambia tu, "Toka kidogo," nami nikatoka, nikasimama uani mpaka aniite. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona anavuta dawa kiasi gani. Ilikuwa heshima, na mpaka leo siwezi kusema heshima ile ilikuwa mbaya.

Siku aliyoanguka ilikuwa siku ya mgao wa chakula. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Majirani wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda kwenye foleni tangu alfajiri, na mimi nilirudi mapema kuchukua karatasi niliyosahau. Nilimkuta chini, anapumua kwa nguvu, mdomo umekauka, akiitwa haitiki. Niliita majirani. Alitoka bibi mmoja mwenye mkongojo, akasimama mlangoni pake akalia. Pikipiki zilikuwa haziingii kwetu kwa sababu ya tope. Miti ya kipoyi ilikuwepo, blanketi lilikuwepo. Watu wa kubeba ndio hawakuwepo.

Basi nilimfunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

Nilikuwa nimewahi kumbeba hivyo. Tulipotoka milimani kwetu, dawa yake iliisha njiani, miguu ikamkataa, nikambeba siku mbili mpaka ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa mzito wakati ule, na miguu yake iliburutika majanini. Aliniomba nimwache. Sikumjibu, maana ningejibu ningelia, na ningelia nisingeweza kutembea. Tangu hapo hatukuizungumza safari ile hata siku moja. Safari hii alikuwa mwepesi. Wepesi wake ndio ulionitisha kuliko pumzi yake. Nilitembea kwenye tope nikisema na Mungu vibaya, Mungu anisamehe, nikimuuliza kama hana mtu mwingine wa kumtuma. Barabarani pikipiki ikatuchukua hadi kituo cha afya, na wao wakamwita dereva wa gari la wagonjwa, tukapelekwa Mbarara.

Hospitalini daktari kijana aliniuliza kama mgonjwa anachomwa dawa yake. Nikajibu kwa kiburi, kiburi cha ajabu kwa mtu mwenye tope hadi magotini: kila siku, mara mbili, na nyumbani tuna akiba ya chupa nne. Akaacha kuandika. Akaniuliza, kwa upole, tangu mafunzo yale zimeingia chupa ngapi na zimetumika ngapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nikafika kidole fulani nikaona hesabu haikubali: zilizotumika zilikuwa chache mno.

Siku ya tatu mama alipoweza kuzungumza, nilimuuliza. Sikumuuliza kwa upole wa daktari. Nilimwambia nimeacha mafuta, sukari na chai, nimeshona mpaka macho yanauma, na yeye alikuwa anajinyima kitu ambacho kiko pale, pembeni ya mkeka wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilivuta nusu," alisema. "Ingine niliweka ya siku ya kukimbia."

"Kukimbia kwenda wapi tena, mama?"

"Sijue. Hata pale Fizi hatukujua." Alitazama ukuta. "Nilisema sitabebwa tena."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, katikati ya watu waliobeba thermos na mablanketi. Nilitaka kumkasirikia yule dada na methali yake, lakini yeye alisema tuweke ya ziada. Hakusema tule nusu. Hilo hatukufundishwa na mtu. Sisi tumejifunza njiani kwamba kilicho mkononi leo si cha leo. Unga tunapima nusu, sabuni tunakata nusu, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeipima hivyo hata damu yake. Niliporudi ndani aliniuliza nani alimtoa nyumbani siku ile. Nikamwambia pikipiki ilikuja mpaka mlangoni. Akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi Nakivale baada ya wiki mbili. Mchanga kwenye chungu ulikuwa umekauka kabisa, chupa zote nne zilikuwa zimekaa kwenye joto, na muuguzi wa kituo aliniambia nisizitumie. Akiba yote ikaishia pipani. Nililia zaidi kwa ajili ya chupa zile kuliko nilivyolia hospitalini, na sioni aibu kulisema. Tukaanza na ile moja tuliyopewa Mbarara.

Jioni ya kwanza niliivuta mwenyewe, kipimo kizima, nikaishika mbele ya macho yake auone mstari. Aliutazama mstari.

"Na siku ya kukimbia ikifika, tutakuwa na nini?"

"Nitakubeba."

"Kama juzi," alisema. "Pikipiki haifike kwetu na mvua. Nilisikia mgongo wako."

Nilingoja aseme toka kidogo, kama siku zote, na miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea mlangoni. Hakusema. Alifungua kitenge chake, akageuza uso ukutani, akanifunulia tumbo lake. Lilikuwa na makunyanzi, na alama ndogo ndogo za sindano za miaka mingi. Nilimchoma taratibu, nikamfunika. Kisha nikachukua kikombe nikaenda kumwagia mchanga maji.