Mbio za Petroli

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa kliniki yetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kwa Kiingereza cha shule ya jioni ambacho, bila kujisifu, kilikuwa kizuri kuliko cha Waingereza wenyewe. Kwa hiyo ilinibidi niwaeleze watu petroli ya ambulansi inatoka wapi. Nikasema huko Ulaya watu hukimbia barabarani, majirani wao hutoa pesa kwa kila kilomita, na shirika linaloendesha kliniki huzinunulia petroli.

Mke wangu akauliza nani anawafukuza. Nikamjibu hakuna. Akasema sisi tumekimbia Kivu nzima na hatujaona mlipaji.

Jambo lenyewe lilimhusu, kwani alikuwa mjamzito tena. Mtoto wetu wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na muuguzi alishamwonya kwamba safari hii uchungu ukianza ni moja kwa moja hospitali ya Mbarara. Bila petroli, Mbarara ilikuwa mbali kama mwezi.

Ndipo wafadhili wakaja kuona pesa zao zinavyotumika, wakiongozwa na bibi mwembamba mwenye mvi, mmoja wa wakimbiaji hao. Akina mama wa kanisa wakaona aibu: mgeni haonyeshwi wagonjwa, anaonyeshwa meza. Asubuhi wagonjwa waliojiweza wakahamishiwa kwa jamaa zao kijiji cha Misiera, vitanda vikatandikwa, na ambulansi ikafungwa maua mpaka dereva akawa haoni mbele. Ukapikwa wali wa kulisha hata kambi jirani ya Oruchinga yote.

Bibi akapita kati ya vitanda vitupu, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli gari bado linahitajika. Nilitafuta Kiingereza changu chote, sikukiona.

Nje kwaya ilikuwa ikiimba. Mke wangu, mstari wa mbele, akashika kiuno. Nikamfuata.

"Wimbo haiyaisha," akaninong'oneza, amekaza meno. "Wageni bataenda bila kuimbiwa?"

Muuguzi hakungoja ubeti uliofuata. Tuliondoka na maua yetu, bibi amekaa nyuma, kashika mkono wa mke wangu.

Mlangoni pa hospitali ya Mbarara hapakuwa na kitanda cha magurudumu. Bibi akavua viatu, akatimua mbio kwenye korido, akawapita walinzi, wauguzi na, naapa, upepo, kisha akarudi akikisukuma mwenyewe.

Mke wangu akainua kichwa kumtazama.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Na hakuna mutu anamufukuza."

Mtoto alipozaliwa salama, bibi hakuuliza tena habari za gari. Aliuliza wagonjwa wengine tumewaficha wapi. Safari hii Kiingereza kilipatikana.