Siku Visu Viliponyamaza

Kelele za ukumbi ule wa machinjio hazikuwa na mwisho. Msumeno wa umeme unalia, mnyororo wa kulabu unakwaruza darini, maji ya moto yanafoka kwenye mipira, na ng'ombe wa mwisho kwenye foleni, maskini, anajua kabisa kinachomsubiri na anamtangazia kila mtu. Ukipiga yowe mle ndani umepoteza pumzi zako bure. Kwa hiyo wachinjaji walikuwa na utaratibu wao, ambao hakuna bosi aliyewafundisha. Mtu akiumia, aliye jirani naye anageuza kisu na kugonga mpini juu ya meza ya chuma, ko, ko, ko. Wa pili anapokea, wa tatu anapokea, ukumbi mzima unagonga mpaka mlio umfikie mtu wa swichi kule mlangoni, naye anazima mnyororo. Kidole kikikatika, wanagonga. Mtu akizimia kwa joto, wanagonga. Hata akiteleza tu kwenye damu akakaa kitako, wanagonga, halafu wanamcheka wiki nzima.

Mtu wa kwenye msumeno aliitwa Msumeno, jina lingine la nini. Alikuwa na shingo nene, mikono iliyojaa makovu, na hasira za karibu. Kazi yake ilikuwa kupasua ng'ombe katikati, kuanzia mkiani hadi shingoni, na kuinua mapaja yake kuyaweka mezani. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kumsimamisha mlangoni jioni na kumwambia, "Wewe ingia, lakini hao ng'ombe uliowavaa waache nje." Kwenye meza iliyofuata alisimama shemeji yake, kaka wa huyo mkewe, mtu mpole, mwoga kidogo, ambaye Msumeno mwenyewe ndiye aliyembembelezea kazi pale.

Msimamizi wa ukumbi walimwita Pilipili, kwa sababu alikuwa mweupe na akikasirika uso unaiva. Ukimkuta hajaiva mpaka saa nne, ujue anaumwa. Weupe wenzake wote walikuwa chumba cha kufungashia, kwenye kazi ya mikono mikavu na redio. Weusi wote walikuwa huku, kwenye damu. Hakuna kibao kilichoandikwa hivyo, lakini hebu nionyeshe mweusi mmoja aliyewahi kushika karatasi ya kufungia nyama kwenye chumba kile. Na Pilipili hakumwita mtu kwa jina. "Mkaa, sogea." "Mkaa, inua." Wakawa wanameza. Mtu ana watoto nyumbani, afanye nini?

Jambo moja ulishike, maana kwangu mimi ndilo linaloniwasha mpaka leo. Siku moja mkono wa koti la Pilipili ulinaswa kwenye kulabu, mnyororo ukaanza kumpandisha darini huku anachezesha miguu. Aliyegonga wa kwanza alikuwa Msumeno. Alipoteremshwa, Pilipili alinyoosha kola yake, akasema mnyororo ni mbovu, akaenda zake. Asante alikwenda nayo nyumbani kwake.

Sasa, mapaja yale ya ng'ombe hayainuliwi bure. Msumeno aliota uvimbe kwenye kinena, akauficha, akajifunga kitambaa, akawa anatembea ametanua miguu mpaka majirani wakaanza kumtania mkewe kwa maneno nisiyoweza kuyarudia hapa. Hospitali wakasema ni ngiri, na imekaa vibaya. Wakampasua, wakamshona, daktari akampa likizo ya ugonjwa, na ofisi ya utumishi wakaigonga muhuri bila neno. Alitakiwa akae kitandani mpaka mshono ukauke, na baada ya hapo asiinue kitu kizito mpaka aambiwe.

Hakumaliza hata nusu ya likizo. Pilipili alimtuma shemeji aje na ujumbe: arudi kesho asubuhi, la sivyo nafasi yake imekwenda. Na wakati huohuo, sikiliza vizuri, yule bwana wa kufungashia, mweupe mwenzake Pilipili, alikuwa nyumbani anauguza mafua. Mafua, ndugu yangu. Alirudi amenenepa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Usiende," mkewe alimwambia. "Huo mshono bado mbichi."

"Nikikosa kazi tutakula mshono?"

Akaenda. Pilipili alikuwa anamsubiri kwenye meza ya msumeno, na paja zima la fahali liko sakafuni.

"Inua, mkaa."

"Bosi, daktari amekataza. Nipe kazi ya kukaa, hata kufungasha."

Neno hilo la kufungasha ndilo lililomwivisha. "Mkaa hauumwi," alisema. "Inua."

Msumeno hakuinua. Pilipili akamtwanga ngumi ya tumbo, palepale kwenye mshono, maana alikuwa anajua ulipo. Msumeno akajikunja. Buti la mpira likamfuata, mara ya kwanza kinenani, mara ya pili mbavuni, na nyuzi zikaachia. Alisikia joto linamshuka mapajani, akajua hiyo ni damu yake na si ya ng'ombe. Alianguka juu ya lile paja, akalikumbatia, akaona mabuti ya wenzake yamejipanga chini ya meza. Akasubiri visu vigonge.

Havikugonga. Mnyororo ukaendelea, nyama zikapita juu yake zikimdondoshea. Alinyanyua kichwa, akaonana macho kwa macho na shemeji yake, aliyesimama pale kisu mkononi, mpini umeelekea juu ya meza kabisa. Ilibaki kuushusha tu. Shemeji akatazama pembeni, akaendelea kukata. Msumeno akajikokota mpaka kwenye mguu wa meza, akagonga mwenyewe kwa kiganja, na hakuna aliyepokea. Alitambaa mpaka nje kwa magoti. Mlinzi ndiye aliyempakia kwenye gari la mifupa kumpeleka hospitali.

Walimshona upya. Akiwa bado kitandani akapewa habari kwamba hana kazi: eti alirudi kazini amelewa, akateleza, akaumia mwenyewe, halafu akatoroka zamu. Mtu aliyetambaa anavuja damu ametoroka. Kuna watu hawana haya hata ya kukopa.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali hakwenda kulala. Alifika nyumbani, akamkuta shemeji amekaa karibu na cherehani ya dada yake, ameleta matunda. Matunda! Msumeno alimkaba koo kwa mkono mmoja, akamsukuma mpaka ukutani, vitambaa vikaanguka, na kwa mkono wa pili akaanza kumpiga usoni, taratibu, kama anavyopasua mifupa. Shemeji hakujitetea. Jino likatoka, damu ikaruka kwenye gauni la mteja.

"Uliniona," Msumeno alikuwa anasema kila akipiga. "Uliniona."

Mkewe aliingia katikati na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ncha yake akaiweka kifuani kwa mumewe. "Muache kaka yangu. Wallahi nitakuchoma, halafu nitakuuguza mwenyewe." Na alimaanisha vyote viwili, ukimjua.

Akamwachia. Shemeji akateleza ukutani mpaka chini, akafuta mdomo. "Alikuwa ananitazama mimi," alisema. "Alipokuwa anakupiga alikuwa ananitazama mimi. Nina watoto, shemeji."

"Na mimi nina nini, kuku?"

Shemeji aliondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa dada yake. Yule mama akawa anashona analia, analia anashona, yuko katikati ya mume na kaka, na hakuna upande unaomfaa.

Msumeno alifungua kesi mahakama ya kazi: ubaguzi wa rangi, na kufukuzwa akiwa kwenye likizo halali ya ugonjwa. Wakili wake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Muhuri wa likizo upo, alimwambia, na habari za yule bwana wa mafua zitawasumbua. Lakini kipigo hakina shahidi. Kampuni wakishikilia kwamba alilewa akateleza, kesi yote itateleza naye. "Nahitaji mtu mmoja aliyeona."

Mtu mmoja! Ukumbi mzima uliona. Msumeno aliwazungukia wote, mlango kwa mlango, ameshika tumbo. Mmoja alimfungia mlango usoni. Mwingine alimpa chai na hakumpa neno. Mtu wa swichi aliapa kwamba siku ile alikuwa anatazama ukuta. Wiki ileile watu wawili wasiojulikana walimngojea Msumeno kwenye kona ya barabara, wakampiga kwa bomba la chuma mgongoni na magotini, wakimwambia aache kusumbua watu kazini. Alimng'ata mmoja sikio mpaka akalegea. Alifika nyumbani na kipande chake mdomoni, akakitema kwenye beseni, mkewe akakaa chini, akaanza kumkanda magoti.

Halafu pigo la kweli likaja. Kampuni walitaja shahidi wao, na alikuwa shemeji. Kumbe walikuwa wamemhamishia kufungashia, mweusi wa kwanza tangu kiwanda kijengwe, mikono mikavu, redio na yote. Msumeno aliposikia alicheka, kile kicheko ambacho hukitamani. Akamwambia mkewe waziwazi, "Akitoka tu kizimbani navunja taya lake. Hata nikifungwa."

"Najua," mkewe alisema. Akaendelea kumnyooshea shati la mahakamani.

Siku ya ushahidi viti vilijaa. Wachinjaji walikuwa wameletwa na basi la kampuni wakae nyuma waonekane wanampenda mwajiri wao, na Pilipili alikaa mbele yao amevaa tai. Msumeno alikaa benchi la mbele, ngumi ya kulia ameikunja tangu asubuhi, ameiweka gotini. Shemeji akapanda kizimbani amevaa koti jeupe la kufungashia, pengo likaonekana alipoapa. Wakili wa kampuni akamuuliza aliona nini.

"Aliteleza," shemeji alisema, akitazama vidole vyake. "Kulikuwa na damu sakafuni. Akaanguka."

"Kuna mtu aliyempiga?"

"Sikuona."

Mkewe Msumeno aliinamisha kichwa. Msumeno akasogeza miguu kama mtu anayetaka kusimama, na askari wa mahakama akasogea karibu kidogo.

Yule wakili mfupi akasimama. Hakupandisha sauti. "Mtu akiteleza pale ukumbini, wenzake mnafanya nini?"

"Tunagonga."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata akiwa hakuumia?"

"Hata hivyo. Ndivyo tulivyozoea."

"Msimamizi wenu aliponaswa kwenye kulabu, mligonga?"

"Tuligonga."

"Nani alianza?"

Shemeji alimtazama Msumeno kwa mara ya kwanza. "Shemeji yangu."

"Na siku hii ambayo shemeji yako, unasema, aliteleza. Nani aligonga?"

Wakili wa kampuni akainuka nusu, akakaa. Shemeji alifungua kifungo cha juu cha lile koti jeupe.

"Hakuna," alisema.

"Kwa nini? Mtu wenu ameteleza, ameanguka, anavuja damu, na ukumbi mzima una visu mkononi. Kwa nini vilinyamaza?"

Nakuambia, mtu anaweza kuzoea uongo mpaka ukamkaa vizuri mdomoni, lakini hilo hakujiandaa nalo. Kama ni kuteleza tu wangegonga, na kila aliyekaa nyuma alilijua hilo tangu mwanzo. Shemeji aligeuka polepole akamtazama Pilipili, ambaye uso ulikuwa umeiva mpaka masikioni, na safari hii Pilipili ndiye aliyeangalia pembeni.

"Kwa sababu aliyekuwa anampiga ni yeye," shemeji alisema. "Yeye pale. Alimpiga kwenye mshono, anaujua, halafu akampiga teke, na alikuwa anatutazama. Akasema mkaa hauumwi. Na mimi nilikuwa na kisu mkononi."

Halafu akafanya kitu ambacho hakimu hakukielewa. Alikunja ngumi akaanza kuigonga juu ya mbao za kizimba, ko, ko, ko, kwa nguvu, mpaka ngozi ya vifundo ikachubuka na damu ikabaki kwenye mbao.

"Shahidi," hakimu alisema, "unafanya nini?"

"Nagonga, mheshimiwa," shemeji alisema, machozi yanamtoka na mkono hausimami. "Nimechelewa tu."

Msumeno akanyanyua ile ngumi aliyomwekea shemeji yake tangu asubuhi, akaigonga kwenye benchi. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wenzake wakapokea.