Siku Nilipoomba Sahani Yangu

Mimi na dada yangu tulilelewa kwenye sinia moja. Nyumbani kwetu Mugango baba alikula sebuleni na wageni wake, na sisi wanawake na watoto tulikula jikoni, tumezunguka ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, bakuli la samaki katikati. Tulikuwa wengi. Ukichelewa kunawa, umelala njaa. Kwa hiyo nilijua kula mbio kabla sijajua kusoma: tonge kubwa, kutafuna kidogo, na mkono unakata tonge la pili wakati la kwanza bado liko mdomoni.

Dada alinizidi miaka michache tu, lakini yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wangu. Aliweka kiganja chake mbele ya kipande cha samaki na kuwaambia wengine, "Hiki cha mdogo wangu, asiguse mtu." Hakuna aliyegusa.

Tulikua, tukaolewa. Yeye alipata mume mkulima wa pamba, kijijini nje ya Bunda. Mimi nikaja Musoma, nikawa fundi cherehani mtaa wa Mwisenge. Kazi ya cherehani ni ya kukaa. Asubuhi vitumbua na chai ya maziwa, mchana wali, jioni ugali, na katikati chochote kilichopita mlangoni. Watoto wangu wakibakiza chakula nilikimalizia mimi, maana nilifundishwa kwamba kumwaga chakula ni laana. Nilinenepa, na watu wakanisifu. "Ndoa imekukubali," walisema wateja. Dada naye alikuwa mnene kunizidi, na tulipokutana tulishikana mashavu tukacheka kwamba mama angetuona angefurahi.

Kisha magoti yakaanza kuuma. Nilikuwa natembea mwenyewe kwenda mwaloni ziwani kununua samaki na kurudi nao, ikafika mahali siwezi bila bodaboda. Nikipanda kitandani nasikia moyo unagonga masikioni. Kwenye kituo cha afya walinipima presha, muuguzi akaangalia kipimo, akapima tena, kisha akaniuliza nakulaga nini.

Nilimjibu kwa ujasiri kwamba kuanzia kesho naacha ugali, wali na samaki wa mafuta. Nitakula kabichi.

"Ulishajaribu?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshajaribu. Nilikaa na kabichi karibu wiki nzima, watu wa nyumbani wananiogopa kwa hasira zangu, halafu Jumapili baada ya ibada nikala kama mtu aliyetoka kifungoni, mpaka ukoko wa chini ya sufuria.

"Basi usiache unachokipenda," alisema. "Ukikiacha utakirudia kwa hasira. Kula hicho hicho, ila kidogo, na ujue kwamba unakula. Unapenda nini kuliko vyote?"

"Sato wa kuchemsha. Kichwa chake."

Akacheka. "Kichwa ndiyo dawa yako. Nani anaweza kula kichwa cha samaki haraka?"

Ilikuwa kweli. Kichwa cha sato hakikubali mbio. Lazima ukifungue, utafute nyama ya shavuni, unyonye mfupa, utoe mwiba, upumzike. Nilianza na hicho, kisha nikajifunza kula na vingine hivyo hivyo. Nilijipakulia mwenyewe kwenye sahani ya watoto, mboga nyingi, ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Nilikaa chini, nikaacha kula nikiwa nimesimama jikoni au nimeinamia cherehani. Kila tonge nililimeza kabla ya kukata jingine. Makombo ya watoto nikampa jirani anayefuga kuku. Chapati sikuiacha, nilikula moja siku ya Jumapili, ya moto, na kusema kweli sijawahi kuifaidi chapati kama miaka hiyo. Zamani nilikuwa nazimeza tu bila kujua ladha yake.

Jambo moja lilinishinda, nalo ni sinia. Mkono wangu ukiingia kwenye sinia pamoja na mikono mingine, ulikuwa unarudi utotoni. Ulikimbia wenyewe. Nilijaribu kwenye misiba na kwenye harusi, na kila mara niliinuka nimevimbiwa. Nikaamua kwamba popote nitakapokuwa, nitakula kwenye sahani yangu.

Uzito ulishuka polepole. Magoti yakanyamaza, nikapunguza magauni yangu mwenyewe kwa mkono wangu. Mjini sikusifiwa. Mteja mmoja aliniinamia akanong'ona, "Mama, unaumwa?" Mwingine akamuuliza mume wangu kama tumepata matatizo. Nilizoea kutabasamu na kunyamaza, na nadhani ukimya ule ndio nilioubeba hadi Bunda.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu anayeolewa. Tangu tuachane mara ya mwisho nilikuwa nimepungua sana. Dada alikuwa anashuka ngazi kunipokea; aliponiona alisimama kidogo, kisha akanikumbatia. Nyumba imejaa: mawifi zake wote, wanawake wa kwaya, majirani. Wakati wa chakula akaleta sinia la pilau mwenyewe, akaliweka kwenye mkeka mbele yangu na mawifi zake wanne wakubwa. Ilikuwa heshima. Nyama nzuri alikuwa ameisogeza upande wangu.

Nikamwambia, "Dada, naomba sahani."

Alidhani hakusikia. "Sahani ya nini?"

"Ya kulia mimi."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Ukikataa kutia mkono kwenye sinia la mtu, kwetu maana yake iko moja, kwamba unaogopa umewekewa kitu, na kila mtu aliijua. Wifi mmoja akavuta mkono wake nyuma akaitazama ile pilau. Mwingine akasema, kama anatania, "Labda huko mjini wameambiwa jambo."

Dada alileta sahani. Akanipakulia kwa kijiko, kidogo kidogo, mbele yao wote, akaniuliza kila kijiko, "Inatosha? Inatosha?" Nikala. Pilau ilikuwa tamu.

Baadaye alinivuta nyuma ya jiko, kanga yake ya sherehe bado iko begani.

"Umenifanya mchawi mbele ya mawifi zangu," alisema.

"Siyo hivyo, dada."

"Ni vipi? Tulikuwaga tunakula wote tangu hatujui kuvaa nguo. Leo sinia langu lina nini?"

Hapo ndipo maneno yalipotakiwa kutoka. Ningemwambia habari za presha, za muuguzi, za mkono wangu unaokimbia. Lakini nilimtazama alivyosimama, anahema kwa kupanda ngazi chache za jikoni, miguu imevimba kwenye viatu vya sherehe, nikaona kwamba nikisema nimeamua kuupunguza mwili nitakuwa nimemnyooshea yeye kidole siku ya furaha yake. Niliona bora nisimwaibishe. Nikajibu tu, "Mimi sili tena kwenye sinia."

"Sawa," alisema. "Watu wa mjini."

Baada ya hapo tulipigiana simu kwa misiba na magonjwa tu. Salamu ndefu, habari fupi. Mimi niliendelea na sahani yangu, nikijiambia kwamba dada ana hasira za karibu na zitaisha zenyewe.

Mwaka ulipita na zaidi. Siku moja shangazi yetu wa Butiama, dada wa baba, alinipigia. Alikuwa ametoka Bunda kumsalimia dada. "Amekonda kama wewe," alisema. "Mmeambiana?"

Nilifurahi. Hiyo ndiyo siku ninayoitamani irudi. Nilikaa pale kwenye cherehani nikitabasamu peke yangu, nikisema kumbe naye amepata njia, kumbe sasa ataelewa lile jambo la sahani bila hata kuelezwa. Sikujiuliza amekondaje. Nilishika simu nimpigie, mteja akaingia na sare za shule, nikaiweka. Nikasema nitakwenda mwenyewe pamba zikishavunwa, tukae tuongee vizuri.

Pamba zilikuwa bado shambani shemeji aliponipigia. Dada alikuwa ameanguka. Alikuwa ametoka asubuhi kuchuma peke yake kwenye shamba la mbali, na walipomtafuta wakati wa kula walimkuta amelala kati ya mistari, mfuko wa pamba bado umefungwa kiunoni, haitiki.

Nilimkuta hospitali Bunda. Daktari alieleza kwamba sukari yake ilishuka sana na ilikaa chini kwa muda mrefu kabla hajapatikana. Sikujua hata kwamba alikuwa na kisukari. Alikuwa anameza vidonge vyake kila asubuhi kama alivyoagizwa, lakini alikuwa hali chakula chochote. Maji ya limau tu, kutwa nzima na jembe au mfuko wa pamba, na jioni njaa ikimzidi anakula kwa pupa, kesho yake anajiadhibu tena.

Tulikaa na shemeji kwenye benchi nje ya wodi. Yeye ni mtu mpole, hakunilaumu, na nafikiri hata hakujua kwamba maneno yake yananiumiza.

"Alisema mdogo wake amepungua, basi naye atapungua," aliniambia. "Nikamuuliza, umemuuliza anafanyaje? Akachukua jembe akatoka."

Dada aliamka, akarudi nyumbani, na anatembea. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini akili yake haikurudi yote. Mambo ya zamani sana anayo: mama, kisima cha Mugango, nyimbo za shule ya Jumapili. Ya miaka ya karibuni yamefutika, na ya leo hayakai. Anakula, baada ya muda mfupi anamuuliza mumewe kama chakula kiko tayari. Shemeji amejifunza kumpakulia kidogo mara nyingi, na vidonge anavishika yeye.

Sherehe ya binti yake haikumbuki. Nilijaribu mara moja. Nilipiga magoti kabisa mbele ya kiti chake nikamwambia, "Dada, nisamehe kwa siku ile." Akanishika mkono kwa wasiwasi. "Siku gani? Umefanya nini?" Nikaanza kueleza, nikaona uso wake unajikunja kwa kutafuta kitu ambacho hakipo, nikaacha. Sina wa kunisamehe. Mwenye hasira ile ameondoka nayo.

Sasa naenda Bunda kila nipatapo nafasi. Asubuhi napitia mwaloni, nachagua sato mzuri, nampanga kwenye ndoo na barafu. Nikifika namchemsha kwa nyanya, kitunguu na chumvi tu, tunakula wawili, polepole, namtolea miiba. Anafurahi sana. Akishiba huwa ananitazama mikono, kisha mabega, na furaha inamtoka.

"Mdogo wangu, mbona umekwisha hivi? Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Nilikuwa na presha, nikapunguza kula."

"Uliacha samaki?"

"Sikuacha kitu. Nakula kila ninachopenda, ila kidogo, na polepole. Tulikuwaga tunakula mbio sana utotoni."

Anafikiri. Anatazama miguu yake, anatazama yangu.

"Na mimi ningeweza?"

"Ungeweza kabisa."

"Sasa si ungeniambia," anasema, bila ubaya wowote, "tukafanya wote."

Namwambia, "Kweli, dada," naondoa vyombo. Nikija tena ananiuliza upya, kwa wasiwasi uleule, kama ninaumwa, na mimi nakaa karibu yake namweleza yote tangu mwanzo, na yeye ananisikiliza vizuri.