Mama Alivyoisugua Mashine ya Kunyonya Vumbi

Mimi ndiye mtu wa kwanza Mlabani, na nadhani Ifakara nzima, kusafisha ndani ya gari kwa mashine. Nalisema hili bila haya kwa sababu sina jambo jingine la kujivunia katika miaka ile ya tisini. Wenzangu walikuwa na mashamba ya mpunga, wengine walikuwa na ajira, mmoja alikuwa anasomea upadri. Mimi nilikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, bomba lililotoa maji lilipojisikia, na pipa jekundu la chuma lenye mota juu na mpira mrefu ubavuni. Watu waliliita Tembo kwa sababu ya ule mpira. Baada ya mwezi hata mimi nikawa nawaambia wateja, subirini nimtoe Tembo.

Nilimnunua kwa Mzungu mmoja, mtafiti wa mbu, aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Alikuwa ameshauza kitanda, friji na viti, na mashine ilikuwa imebaki peke yake barazani. Akanielekeza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ukimaliza kazi mwaga uchafu, futa ndani kwa kitambaa kikavu, acha wazi ipate hewa, usiiache na majimaji. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yangu yote yako kwenye mota. Ningemsikiliza vizuri siku ile, nisingekuwa na la kuandika leo.

Sasa, ni lazima ujue magari ya bonde la Kilombero yalikuwa yanabeba nini. Gari likitoka Namawala lilikuja na matope meusi, pumba za mpunga na magamba ya samaki, hata kama lilikuwa la ofisi na lina maandishi mlangoni. Dereva alikuwa amewapeleka wakubwa kwenye utafiti wa malaria, lakini perege wabichi ukiwakuta njiani unawaachaje? Likitoka Sanje, lilikuwa na ndizi zilizoivia chini ya kiti mpaka zikawa pombe. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, aliniletea pikapu yake imejaa manyoya ya ndama, nikamuuliza ndama alikaa mbele au nyuma. Akaniambia mbele, kwa sababu nyuma alikaa shemeji.

Vyote hivyo vilipitia tumboni mwa Tembo. Magurudumu yake yalivunjika upesi, maana yalitengenezwa kwa sakafu laini, si kwa kokoto zangu. Mpira ukapasuka, nikaufunga kwa tyubu ya baiskeli. Kichujio kikachanika, nikashona kingine kwa kipande cha chandarua. Chandarua kinazuia mbu, hakizuii vumbi, kwa hiyo mashine ikawa inalinyonya mbele na kulitoa nyuma, na mteja aliyesimama vibaya alirudi nyumbani mweupe kama ametoka kusaga mahindi. Lakini pipa lenyewe lilikuwa zima. Lilikuwa na madoa mawili ya kutu kitakoni, basi.

Mama alikuja kukaa kwetu mwezi wa kwanza. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba yetu ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Malaria ikamwangusha. Jirani alikuja kuomba moto, akamkuta yuko kitandani siku ya tatu, midomo imekauka, hawezi hata kuita. Nilipopata habari nilikwenda kumchukua, na kwa kuwa alikataa kutoka, nikamdanganya kwamba mke wangu amezidiwa na kazi za nyumbani.

Mke wangu hakuwa amezidiwa na chochote. Alikuwa na jiko lake na taratibu zake, na mama alikuwa na zake. Mke wangu akiosha sufuria, mama analiosha tena, bila neno, kwa mchanga na majivu na gunzi la hindi, mpaka unaona meno yako ndani yake. Kule kwetu alisifika kwa masufuria. Mke wangu naye akawa anaficha vyombo chini ya kitanda, na mimi nikawa nakula kwenye sahani iliyotoka mafichoni. Nyumba ilikuwa na amani ya aina hiyo.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, mama akaniita.

"Baba, mimi nakaa hapa kama nani?"

"Kama mama."

"Mama gani? Nakula, nalala, natazama mvua. Kwangu kuna shamba. Maji yakipungua narudi."

Akilini nilimwona kwenye kile kitanda, siku ya tatu. Niliogopa, niseme ukweli, niliogopa kuliko siku ya kumzika baba. Nilitaka kumwambia asiende, kwamba nikiwa kazini nafurahi kujua yuko ndani.  Katika ukoo wetu mwanamume hamwambii mama yake mambo hayo. Ananunua doti ya khanga, anaiweka juu ya kiti, anaondoka haraka. Na siku hiyo sikuwa na khanga.

"Huwezi kuondoka," nikasema. "Nani atamwosha Tembo?"

Yaani katika maneno yote ya Kiswahili, hayo ndiyo niliyoyapata.

Kesho yake jioni nilikuta mama amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, Tembo amelazwa mapajani mwake bila mota, na gunzi linakwenda. Mchanga, majivu, maji. Nje na ndani. Rangi nyekundu ilikuwa inachuruzika hadi kwenye mfereji. Baada ya siku tatu pipa lilikuwa jeupe linang'aa, na wateja wakasimama kulishangaa. Mimi, mjinga, nikamsifu. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, na jioni hiyo akaongeza ugali.

Chuma kisicho na rangi, kwenye masika ya Ifakara, hakihitaji maelezo. Asubuhi pipa lilikuwa limeota kutu ya rangi ya chai. Mama akaona ni uchafu, akaongeza mchanga. Tena, kwa kuwa ni mtu wa usafi, akimaliza alilifunika kwa nailoni lisiingie vumbi, likiwa bado na majimaji, likalala humo linajitokosa. Kila asubuhi kutu, kila jioni gunzi. Ndani ya mwezi mmoja ukiligonga lilitoa sauti nyingine.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Nami nakuuliza, nani kule kwetu Ulanga amewahi kumfundisha mama yake kuosha chombo? Mke wangu aliniambia, "Mwambie mama yako." Nikamwambia, "Mwambie wewe." Akanitazama kama nimemtuma akamkamate kiboko. Kwa hiyo nikatumia ujanja, ambao ni jina la heshima la woga. Nililipaka pipa grisi, mama akaliosha kwa sabuni, akasema limeshika mafuta kama karai la muuza maandazi. Nikasubiri Alhamisi, alipokwenda kusali kwenye jumuiya, nikalipaka rangi ya buluu haraka haraka. Jumamosi rangi haikuwepo. Nikauondoa mchanga wote uani. Akachota mwingine kwenye ujenzi wa kanisa, na mchanga ule, nadhani kwa sababu ulikuwa umebarikiwa, ulikwangua kuliko wa kwanza.

Fundi wa kuchomelea alilitia viraka mara mbili. Mara ya pili alilinyanyua kuelekea jua, akalizungusha.

"Kaka, hili bati kuna mtu analisugua."

"Ni vumbi la Namawala," nikamwambia.

"Vumbi lenye mikono?"

Nikabadilisha mazungumzo.

Ikafika Desemba. Padri mmoja aliniletea Land Rover yake, alikuwa anakwenda stesheni kumpokea mgeni mkubwa wa kanisa. Nyuma alikuwa ameweka kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, ameikunjua vizuri juu ya kiti isijikunje. Nikamwambia akae kwenye benchi, mke wangu atamletea chai. Mpira ulikuwa umefupika kwa kukatwa kila ulipopasuka, haukufika nyuma, kwa hiyo nikamnyanyua Tembo mwenyewe nikampitisha juu ya kiti.

Kitako kikabaki hewani sekunde moja, kama kinafikiria. Kisha kikadondoka. Kazi ya juma zima ikashuka juu ya kanzu: matope, pumba, magamba, manyoya ya ndama, na panya mmoja ambaye sikujua alikuwa ananisaidia kazi. Padri akaja na kikombe mkononi. Akaitazama kanzu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," nikajibu, maana ungejibu nini.

Halafu akasema neno jingine, ambalo halimo katika misa yoyote niliyohudhuria. Namsamehe. Alikwenda stesheni na shati.

Fundi aliitwa. Alikuja, akaliinua pipa, akatazama mbingu kupitia ndani yake. Ubavu wake ulikuwa umekuwa mwembamba kiasi kwamba aliubonyeza kwa kidole gumba ukaingia ndani.

"Si nilikwambia?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hii siyo kutu peke yake. Hii imesuguliwa mpaka ikawa karatasi. Nani anasugua chuma kwa mchanga kama sufuria?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, gunzi mkononi.

"Mimi," nikasema.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Aliliweka gunzi juu ya ukuta, taratibu, akaingia ndani.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Kikapu hakikuwepo, wala viatu vyake vya kanisani. Mke wangu alikuwa anachochea moto, macho mekundu, na wala si kwa moshi.

"Amesema nisikuamshe," akaniambia. "Nimemsihi mpaka basi."

Nikachukua baiskeli. Njia ya kivukoni nilikuwa naijua tangu utoto, lakini siku hiyo iliongezwa urefu. Njiani nilijitukana kwa Kiswahili, kilipokwisha nikaendelea kwa Kipogoro. Nilipofika, basi la Mahenge lilikuwa kwenye foleni linasubiri pantoni irudi kutoka ng'ambo, abiria wameteremka. Mama alikuwa amekaa juu ya gogo karibu na maji, kikapu magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Akafungua kikapu, akanipa kiazi. Nikakishika, sikukila.

"Mashine imekufa?" akauliza.

"Imekufa."

"Haiponi?"

"Haiponi."

Akatikisa kichwa, anatazama mto. "Nimekuulia kazi yako, mwanangu. Miezi yote hiyo. Na ulivyokuwa unaipaka mafuta na rangi, mimi nilidhani unafanya makusudi."

"Makusudi gani?"

"Unaichafua ili nisikose cha kuosha. Nikasema, mwanangu ana huruma, hataki nikae bure. Ndiyo maana nikaisugua kwa nguvu zote, nisikuangushe."

Nilikaa chini kwenye matope, na suruali yangu safi. Nilijiona mdogo kuliko nilivyowahi kujiona. Pantoni ilikuwa imefika katikati ya mto, kondakta anaita watu warudi kwenye basi, mama akaanza kufunga kikapu chake. Nikajua nikinyamaza sasa, atavuka.

"Mama, usiende," nikasema. "Sitaki uoshe kitu. Hata usishike ufagio. Nataka uwepo tu. Ukiwa kule peke yako mimi silali, namwona yule jirani anakukuta siku ya tatu. Nakuhitaji mimi, siyo mashine."

Nilikuwa nalia, mtu mzima, mbele ya abiria wa basi zima, na mama mmoja mwenye kuku alisogea karibu ili asikie vizuri.   Mama yangu akainuka, akajikung'uta, akanikabidhi kikapu, akaenda akakaa kwenye keria ya baiskeli, miguu upande mmoja, akakusanya khanga yake isishikwe na mnyororo.

"Ungesema hivyo mwezi wa nne," akasema, "mashine yako ingekuwa hai."