Mahasimu Watatu wa Kariakoo

Ramani ile niliichora mimi. Nilizunguka Kariakoo duka kwa duka, jua na mvua, nikiwauliza wauza vitenge swali moja: ukitaka kujua mzigo gani unaingia, unamuuliza nani kwanza? Kila mtu nikamfanya kitone, kila jibu mstari, mpaka ukaonekana mtandao mzima wa nani anamsikiliza nani. Siku Jangwani ilipojaa maji nilirudi nyumbani kwa miguu, madodoso nimeyafunga kwenye mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga.

Mkuu wangu wa utafiti, mtu wa viyoyozi, hakuwahi kukanyaga hata Mchafukoge pale jirani. Nilimtumia rasimu ya kwanza aipitie. Akaipitia kweli: akafuta jina langu, akaweka lake, akatangaza semina.

Niliwaka. Nililia chooni, nikanawa uso, ndipo nikakumbuka kwamba rasimu ile ilikuwa na kosa nililokwisha kulirekebisha kwenye nakala yangu. Kariakoo watu hawaitani kwa majina ya kwenye kitambulisho. Huyu atakuita kwa mtoto wako, yule kwa kwenu, mwingine kwa biashara yako. Basi Mama Pacha, Mchaga wa Ghorofani na Shangazi Vitenge walikuwa vitone vitatu vikubwa, na wote ni mwanamke mmoja. Ningeweza kumwambia mkuu. Thubutu. Nilikwenda dukani kwa yule mama, nikampa shikamoo yake, nikamkaribisha semina.

Siku yenyewe alikaa mstari wa mbele, kitenge kimenyooka. Mkuu akapanda jukwaani, akaionyesha ramani ukutani.

"Soko hili limeshikwa na mahasimu watatu," akasema. "Tazameni, hakuna mstari hata mmoja unaowaunganisha. Hawaongei. Tunapendekeza wapatanishwe."

Mama akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hao watatu wote ni mimi. Sasa nitapatanishwa na nani?"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia mkuu tu. Jasho lilimtoka na kiyoyozi kinanguruma.

"Msaidizi wangu ndiye aliyekusanya taarifa," akasema, akinitafuta kwa macho. "Hebu simama uwaeleze."

Nikasimama taratibu, nikaisoma ramani kuanzia juu hadi chini, kila mtu ananisubiri. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

"Hapo mimi sijui kitu, mwalimu," nikasema. "Jina langu halimo."