Maganda Manne Dirishani

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama kweli umefungika. Mke wangu amenicheka kwa hilo tangu tuoane, isipokuwa mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ambao hakunicheka hata kidogo.

Tulikuwa tumejenga Kitengela wakati bado kulikuwa na nafasi, nyumba ya mabati iliyotazama mbuga. Nilikuwa nimeajiriwa na ranchi moja upande wa Kajiado, kazi yangu kuzuia fisi na simba wasimalize ng'ombe. Bunduki ililala ranchini, ndani ya sanduku la chuma. Mashine ya kujazia risasi ndiyo iliyokaa kwangu. Kibali kilikuwa cha mwenye ranchi, na jina langu lilikuwa limeandikwa ndani yake. Yeye aliishi kwenye nyumba ya nyasi na hakutaka baruti ilale chini ya paa lake, kwa hiyo ikalala chini ya langu.

Niliifunga kwa boliti kwenye meza ya stoo, chini ya dirisha. Juu ilikuwa na kichwa cha duara kinachozunguka, chenye matundu manne, kila tundu na kazi yake. Unaweka ganda tupu la risasi, la shaba, unavuta mkono wa mashine, unazungusha kichwa, unavuta tena, mpaka ganda lililokwisha kazi linakuwa risasi mpya. Maganda niliyaosha kwanza kwa sabuni na limau, nikayapanga kwenye ukingo wa dirisha yakauke kwa jua. Kila moja nililitia kitakoni tone la rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu. Kila baada ya miezi mitatu nilipeleka daftari kwa ofisa wa vibali Kajiado, na risasi nzima na maganda matupu vilipaswa kulingana na kilichoandikwa.

Nikiwa kwenye mashine sikusema na mtu. Siku za mwanzo mke wangu aliniuliza habari ya sukari, nikamjibu, na nilipogeuka sikujua tena ni ganda gani limekwisha kutiwa baruti. Ukitia mara mbili, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Basi tangu siku hiyo, mkono wa mashine ukiwa unakwenda, sikuinua macho. Anayeniuliza jambo nilimjibu kwa kutikisa kichwa tu, na nyumba nzima ikazoea.

Ganda la kwanza lilipotea mwezi wa kiangazi. Nilifagia stoo, nikapapasa chini ya meza, nikachekecha vumbi kwa kichujio cha chai. Wiki iliyofuata likapotea la pili. Hapo nikaacha kutafuta chini, nikaanza kutazama watu.

Wa kutazamwa alikuwa mmoja. Mdogo wa mke wangu alikuwa ametoka Machakos kuja kutafuta kazi, akaipata kwenye banda la mafundi wanaoyeyusha shaba na kusubu vitasa. Shaba! Alikuwa mpole, anaoga kabla ya kula, anamwita dada yake mama mbele ya watoto. Upole huo ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Nilijiambia kwamba kama anayeyusha, afadhali. Lakini wezi wenye bunduki walikuwa wakisumbua barabara ya Namanga siku hizo, na mtu wa kuwapelekea maganda hakosekani.

Lilipopotea la tatu nilianza kumsubiri getini asubuhi.

"Shemeji, fungua begi."

Alinitazama kwanza kama mtu anayengoja mzaha umalizike. Kisha akafungua. Kulikuwa na ovaroli, chapati mbili, na Agano Jipya dogo.

"Kuna kitu imepotea?" aliuliza.

"Nenda kazi," nilimjibu.

Nilimpekua kila asubuhi majuma matatu. Hakuwahi kukataa, na mimi nikaona kutokataa kwake ni ujanja. Ganda la nne likapotea hivyo hivyo.

Ofisa wa Kajiado alihesabu, akahesabu tena, akafunga daftari. "Mzee, maganda manne si karanga," alisema. "Nyumbani unakaa na nani?" Alinipa mwezi mmoja, la sivyo jina langu linatoka kwenye kibali, na kazi inakwenda nalo. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Niliogopa, na woga wangu ukatafuta mtu wa kumwangukia.

Jioni hiyo nilimwambia shemeji atafute pa kukaa. Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Huyo ni ndugu yangu," alisema. "Umemshika na nini?"

Sikuwa nimemshika na kitu. Alifunga nguo zake, na kabla ya kutoka akaniwekea begi miguuni, wazi, nichunguze. Nilichunguza. Akaenda Rongai, akapanga chumba.

Siku iliyofuata nilipigilia ubao dirisha la stoo, nikafanya kazi kwa taa. Halikupotea ganda jingine. Ofisa alisikia kwamba mgeni ameondoka na dirisha limezibwa, akaandika onyo, akaniacha. Nikamwambia mke wangu, "Umeona?" Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Miaka ikapita, mbuga ikakatwa ploti, ua juu ya ua. Kazi ya ranchi ilikuwa imekwisha na mashine imerudi kwa mwenyewe. Siku moja mama mzee wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi alikuja kutuaga, maana wanawe walikuwa wameuza ardhi na wanahamia mbali. Alikuwa akipita dirishani kwangu miaka yote hiyo kuelekea jikoni, na sikuwahi kumhesabu kati ya watu wa kushukiwa. Sikumhesabu kabisa.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia kwa lugha yake.

"Iko," aliitika, akaketi, akavuta mkufu kutoka kifuani anuse ugoro. Chombo cha ugoro kilichoning'inia kwenye mkufu kilikuwa cha shaba, na kifuniko cha ngozi kilichoshonwa shanga. Alikigonga gotini kutoa ugoro. Kitakoni palikuwa na tone jekundu.

Nilimuuliza alikitoa wapi.

"Si ni wewe ulinipatia," alisema. "Nilikuuliza kwa dirisha, nichukue moja? Ukafanya hivi." Akatikisa kichwa juu chini, macho yakiwa gotini, kama mimi hasa. "Nikachukulia pia dada zangu. Kila mara nilikuuliza kwanza. Halafu ukaweka mbao, nikajua umechoka na sisi."

Mke wangu alikuwa akimimina chai. Alimaliza kumimina, akaweka birika chini, akaingia chumbani.

Nilikwenda Rongai Jumapili hiyo hiyo. Nilimweleza shemeji yote, na aibu ilinishika hata sikuweza kumtazama. Alicheka kidogo. "Hiyo ilishaisha, shemeji," alisema. "Mimi sina kitu na wewe." Nilimwomba aje kwetu, na mwezi wa kumi na mbili akaja na mke wake na mtoto. Tulichinja mbuzi. Alikula vizuri, akawachekesha watoto, akanisaidia kurekebisha kitasa cha geti. Nilianza kuamini kwamba kweli iliisha.

Wakati wa kuondoka niliwasindikiza. Mke wake alitangulia na mtoto. Yeye alifika getini, akasimama, akashusha begi begani, akalifungua na kulishika wazi mbele yangu. Hakuwa na hasira. Aliendelea kunieleza habari ya kitasa.

"Funga, shemeji," nilimwambia. "Tafadhali."

Alitikisa kichwa kukubali, lakini mkono haukufunga. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja kila asubuhi, mpaka nikatazama ndani.